Jina Juu ya Dhahabu

Bibi mzaa mama alikuwa na pauni moja ya dhahabu aliyoachiwa na mama yake. Ilikuwa imetiwa kikonyo ili ivaliwe na mkufu, naye aliivaa siku za harusi na sikukuu tu, ikining'inia juu ya kanga mpya. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha Joji wa Tano, mfalme wa Uingereza, ndevu zake zimechongwa unywele kwa unywele. Upande wa pili kulikuwa na mpanda farasi anayepambana na joka. Sisi wajukuu tulimpenda yule wa farasi. Wa ndevu hatukumjua wala hatukumuuliza.

Mwaka mmoja ugonjwa uliingia nyumbani na fedha zikatoka. Bibi akaifunga pauni kwenye pindo la kanga, akanishika mkono, tukaenda kwa sonara. Tanga mjini, duka jembamba, mizani ndani ya sanduku la kioo ili upepo usiichezee. Sonara aliikwaruza ile pauni ukingoni kwenye jiwe jeusi, akadondosha dawa juu ya mchirizi, akangoja. Kisha akaiweka kwenye mizani. Hakuutazama uso wa mfalme hata mara moja.

"Bibi, hii ni karati ishirini na mbili," alisema. "Gramu kama nane hivi, nikiondoa hiki kikonyo. Kikonyo ni shaba."

"Mwanangu, hicho kikonyo kina umri kunishinda mimi."

"Umri hatununui, Bibi."

Alikibandua kwa koleo dogo, akamrudishia. Bibi alikitia kwenye kijaluba cha hina, na huko kilikaa hadi alipofariki.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Waingereza sarafu ile wameipa jina lenye maana ya mwenye enzi. Siyo pauni, ambayo ni kipimo. Jina lake hasa ni la mtawala asiye na mkubwa juu yake. Basi kwenye shingo ya bibi yangu, mwanamke wa pwani aliyezaliwa chini ya bendera ya wengine, ilikuwa ikining'inia enzi ya watu wengine, na yeye aliihesabu kuwa urembo na akiba ya siku ya dhiki. Sonara alikuwa na akili zaidi yetu sote. Yeye alijua kwamba jina likikwanguliwa dhahabu inabaki pale pale.

Lakini wenye dola hawakuamini hivyo, na hawaamini hadi leo. Katika nchi za Kiislamu za zamani mtawala alijulikana kwa mambo mawili: jina lake likitajwa katika hutuba ya Ijumaa, na jina lake likigongwa kwenye sarafu. Hutuba na sarafu. La kwanza huisha imamu anaposhuka mimbarini. La pili hutembea. Huingia mfukoni mwa asiyeswali na asiyekupenda, huvuka bahari, humfikia mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba upo. Na kama sarafu yenyewe ni ya dhahabu, maneno yake yanakuwa mazito zaidi: mimi sitozwi na mtu, mimi ndiye ninayetoza.

Kilwa ilisema hivyo. Wengi wetu tunazijua sarafu za Kilwa za shaba, vile vijipande vyembamba vidogo kama ukucha wa kidole gumba ambavyo mvua kubwa ikinyesha bado huchomoza mchangani kisiwani. Zimesafiri kuliko waliozigonga. Moja imefukuliwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 Mwaustralia mmoja aliyekuwa jeshini aliokota sarafu tano za Kilwa ufukweni kwenye visiwa vya kaskazini mwa nchi yake, na hadi leo wataalamu wanavutana juu ya namna zilivyofika huko. Sarafu hizi hazina tarehe. Zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizi mbili zina vina. Mwisho wa jina na mwisho wa dua vinalingana sauti, kama mishororo miwili ya shairi moja. Sijui kama kuna watu wengine waliofanya sarafu iwe beti. Kwa watu wa mwambao naona ni jambo la kutarajiwa: hata cha kununulia samaki kiwe na vina.

Za dhahabu ni hadithi nyingine. Zilizochapishwa na wataalamu ni tatu. Helen Brown aliziandikia makala mwaka 1991, na zote ni za sultani mmoja, al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14 na kupewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Huyu ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, lile jumba lililo juu ya mwamba likitazama bahari, lenye birika la pembe nane ambalo mgeni wa leo akilifikia baada ya kupanda ngazi huku jua likimchoma hutamani lingekuwa na maji. Hapo hapo yalipatikana maandishi ya mawe yanayomwita mfalme mshindi. Alipokuwa kijana alikwenda kuhiji na akakaa Aden miaka miwili akisoma. Nadhani huko ndiko alikojifunza kwamba mfalme wa kweli hugonga dhahabu.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta huyu huyu. Anasimulia kwamba sultani alipotoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, naye akarudi ndani, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia namna watu walivyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama kisa cha ukarimu, na wale watu ishirini waliotolewa kama fungu la mchele huwa tunawapita haraka. Tusiwapite. Lakini kuna neno jingine dogo ambalo msafiri yule ameliacha hapo kama mtu aliyedondosha sindano: kwamba zawadi nyingi za huko ni pembe, na dhahabu hutolewa kwa nadra sana.

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Huyu ndiye sultani aliyegonga jina lake kwenye dhahabu, wa mji uliokuwa ukisimamia biashara ya dhahabu ya Sofala, baba wa vipawa, na dhahabu hakuigawa. Pengine ndiyo maana sarafu zake tatu tu ndizo tunazozijua. Pengine hazikufanywa zitembee sokoni hata kidogo. Zilifanywa zionekane na watu wachache waliopaswa kuziona: mjumbe kutoka Yemen, nahodha wa Gujarat, mfalme jirani. Sokoni watu walinunua kwa shaba na shanga, na dhahabu ilipopita ilipita kwa mizani, kwa mithqali, bila jina la mtu.

Na dhahabu yenyewe haikuwa ya Kilwa. Hilo lisemwe. Kilwa haina mgodi. Ilichimbwa na kuchekechwa na watu wa nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, ikapakiwa majahazini, na Kilwa ikachukua ushuru wake. Jina la sultani liliandikwa juu ya jasho la watu waliokuwa mwendo wa wiki nyingi kutoka kwake, wasiosoma Kiarabu na wasiomjua. Sisemi hivi kumvunjia heshima. Nasema kwa sababu kila sarafu ya dhahabu niliyopata kuisoma habari zake ina mtu wa namna hiyo nyuma yake, ambaye jina lake halikugongwa.

Miaka mia moja na sabini baadaye, mwaka 1502, Vasco da Gama alirudi kwenye pwani hii mara ya pili, safari hii akiwa na mizinga ya kutosha. Mtawala wa Kilwa wakati huo, Amir Ibrahim, alitakiwa amtambue mfalme wa Ureno kuwa mkubwa wake na alipe kodi ya kila mwaka kwa dhahabu, mithqali 1,500, la sivyo mji upigwe. Akalipa. Miaka mitatu baadaye mji ukapigwa hata hivyo, na Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaweka mtawala wake.

Dhahabu ile ya kodi haikupotea. Ipo, unaweza kuiona. Imo Lisbon, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, katika umbo la kifaa cha ibada ya Kikatoliki kinachotumika kuonyeshea hostia. Wareno wanakiita Custódia de Belém. Mfalme Manuel wa Kwanza ndiye aliyeagiza kitengenezwe, na kazi hiyo ikakamilika mwaka 1506 kwa mikono ya Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka kioo, kila mmoja kwa vazi la rangi, juu yao kumesimama kama kanisa dogo lenye minara, na chini zimo tufe za nyota ambazo mfalme huyo alizifanya alama yake. Kazi nzuri ajabu, sitaficha. Na kwenye kitako kuna maandishi yanayosema wazi kwamba mfalme aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa.

Quiloa, yaani Kilwa. Jina la mji wetu limegongwa juu ya dhahabu tena. Al-Hasan bin Sulaiman aliandika jina lake juu ya dhahabu kusema kwamba halipi kodi kwa mtu. Manuel akaandika jina la Kilwa juu ya dhahabu kusema kwamba Kilwa imelipa. Mimi husimama kidogo hapa kila nikifikiria jambo hili, maana kwa sonara hakuna tofauti yoyote.

Nahama upesi kwenda Unguja, kwa sababu kisa cha Sayyid Barghash ni kifupi na kinauma. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani karibu 1882, aliagiza Ulaya sarafu zenye jina lake: za dhahabu za riale tano na riale mbili na nusu, za fedha, na za shaba. Hadi hapo Unguja ilikuwa imeishi kwa riale za Maria Theresa, malkia wa Austria aliyekuwa amekufa kama miaka mia moja kabla, na kwa rupia za Bombay. Sultani aliyekuwa akileta maji safi mjini na kujenga Beit al-Ajaib asiwe na sarafu yake? Lakini miaka tisa kabla, mwaka 1873, alikuwa amekwisha kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa huku manowari za Waingereza zikimngoja. Mwaka 1885 za Wajerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Alikufa mwaka 1888, na mwaka 1890 Zanzibar ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Riale zake za dhahabu ni adimu hivi kwamba zikijitokeza mnadani wakusanyaji hupigana vikumbo. Zile za shaba, ndogo, zenye picha ya mizani, ndizo zilizozagaa hadi bara. Ndizo zilizoitwa pesa.

Neno hili lina mengi ndani yake. Kiswahili hakina neno la jumla la mali ya kutumia lililotokana na dhahabu. Tunasema fedha, na fedha ni madini meupe, ya Maria Theresa na rupia. Tunasema pesa, na pesa ni shaba iliyotoka Bara Hindi na baadaye kwa Barghash. Na tunasema hela, neno ambalo vijana wanadhani ni la mtaani, kumbe ni senti ya Mjerumani. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao sehemu mia moja badala ya pesa sitini na nne, na kila sehemu wakaiita Heller. Utawala wao ukaisha, hela yao ikabaki midomoni mwetu. Wafalme na magavana waligonga dhahabu. Lugha ikaokota shaba.

Tena Wajerumani hao hao ndio waliogonga sarafu ya dhahabu iliyo maarufu kuliko zote za nchi hii, nayo ilikuwa ya siku zao za mwisho. Mwaka 1916 vita vilikuwa vimewabana. Bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza na sarafu kutoka Berlin hazifiki. Serikali ya gavana Heinrich Schnee ilikuwa imekimbilia Tabora, na huko, katika karakana ya reli, palipotengenezwa mabehewa na mabomba, wakaanza kutengeneza fedha. Hela ishirini na hela tano walizifanya kwa shaba ya njano ya kuokoteza, nyingine zimegongwa vibaya hata ukiziangalia unaona huruma. Na kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakagonga rupia kumi na tano. Zilitoka zaidi ya 16,000.

Upande mmoja kuna tai wa mfalme wao. Upande wa pili kuna tembo. Amesimama mbele ya mlima, mkonga juu, kama anayelia au anayenusa kitu kibaya kinachokuja na upepo. Chini yake 1916, na herufi T ya Tabora. Kazi ya karakana ya reli, na bado ni sarafu nzuri kuliko nyingi zilizotoka kwenye viwanda vya kifalme. Dhahabu yake si safi sana, robo nzima ni madini mengine, ndiyo maana ina wekundu kidogo.

Sarafu ile haikuwa ya uhuru wa mtu yeyote, najua. Ilikuwa ya koloni linalokata roho. Lakini rafiki yangu mmoja, mkusanyaji wa sarafu ambaye huwa nabishana naye sana, hunionyesha picha yake na kuniambia: mwondoe yule tai, mbakize tembo, kuna sarafu ya Tanganyika iliyo Tanganyika kuliko hiyo? Mnyama wa hapa, mlima wa hapa, dhahabu ya hapa, imegongwa hapa. Nami humjibu kwamba wapagazi wa vita vile pia walikuwa wa hapa, na hawakulipwa kwa tembo. Tunanyamaza kidogo, halafu tunaagiza chai nyingine. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake walikuwa Wakongo, liliingia Tabora. Tembo alikuwa ameishi miezi tu.

Kuna jambo linaloanza kuonekana hapa, na nalisema kwa tahadhari. Dhahabu hupenda kutoka pale enzi inapotetereka. Aliyekaa imara hana haraka ya kuandika. Chukua Katanga. Julai 1960, siku kumi na moja baada ya Kongo kupata uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni dola peke yake. Hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi. Ilikuwa na kampuni za madini nyuma yake, askari wa kukodi mbele yake, bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, na mwaka 1961 ikawa na sarafu ya dhahabu ya faranga tano. Upande mmoja msalaba wa Katanga, ule mkuo wa shaba ambao mafundi wa huko waliumimina kwenye kalibu miaka na miaka, nao ulinunua jembe, ulinunua chumvi, ulitoa mahari. Kitu cha heshima, chenye historia yake. Upande wa pili, chane ya ndizi.

Ilikuwa Januari ya mwaka huo huo ulioandikwa kwenye sarafu, tarehe 17, Patrice Lumumba alipoletwa Katanga akauawa usiku ule ule. Siwezi kuiangalia picha ya sarafu ile bila kuisoma tarehe yake kwa namna hiyo. Kufikia Januari 1963 dola lenyewe lilikuwa limekwisha. Watu wa Lubumbashi, ambao Kiswahili chao kimechanganya kila kitu kilichopita katika mji ule, hawakubaki na neno kutoka kwenye dhahabu ya Tshombe.

Burundi nayo iligonga dhahabu mwaka 1962, mwaka wa uhuru wake, ikiwa na uso wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Mwaka 1966 mwanawe alimpindua. Mwaka huo huo Kenya ikatoa dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 kumwadhimisha Jomo Kenyatta, na huyo walau alibaki kitini hadi alipofariki, kwa hiyo kanuni yangu imeingia nyufa na sitaiziba kwa nguvu.

Upande wetu, Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango Juni 1966 na sarafu zilizotoka hazikuwa na chembe ya dhahabu. Ndururu ilikuwa na samaki. Senti ishirini ilikuwa na mbuni. Thumni ilikuwa na sungura, na hilo mimi nalihesabu kuwa uamuzi mkubwa wa kitaifa, maana mataifa mengine huweka simba na tai, sisi tukamweka mjanja wa hadithi za bibi. Shilingi ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Mwalimu yumo upande wa pili wa zote, amenyamaza. Nchi yenye Geita na Lupa, yenye Sekenke, iliutangazia ulimwengu uhuru wake kwa nikeli na shaba. Baadaye tuligonga ya dhahabu pia, mwaka 1974, shilingi 1,500 yenye picha ya duma, lakini hiyo ilikuwa ya kuchangia uhifadhi wa wanyamapori na iliuzwa kwa wakusanyaji wa nje. Sijapata kukutana na Mtanzania aliyewahi kuishika.

Sungura je? Nani hakumshika? Nilitumwa naye dukani, nikampoteza kwenye majani, nikachapwa kwa ajili yake.

Miaka hii dhahabu imerudi kwenye mazungumzo ya uhuru, ila kwa mlango mwingine. Benki Kuu imeanza kununua dhahabu ya wachimbaji wa ndani kwa ajili ya akiba ya taifa, ili tusitegemee dola ya Marekani peke yake. Ni matofali, yamelala gizani, yana namba na kipimo cha usafi. Hayana tembo wala mwenge wala uso wa rais. Al-Hasan bin Sulaiman angeshangaa: mna dhahabu yote hii na hamkuandika jina? Sonara wa Tanga asingeshangaa.

Mwaka juzi nilikwenda Kilwa Kisiwani, mvua za masika zikiwa zimekatika siku mbili tatu. Kijana aliyenitembeza alikuwa akitazama chini kuliko alivyotazama magofu, na tulipopita nyuma ya Msikiti Mkuu akainama ghafla. Kipande cha shaba, kijani kwa kutu, chembamba kama ganda la kitunguu. Alikipuliza mchanga akaniwekea kiganjani. Upande mmoja umelika kabisa. Upande wa pili zimebaki herufi mbili tatu za Kiarabu, na mwishoni kitu kama nuni.

"Hii ni nuni, mzee?" aliniuliza.

"Nadhani."

"Basi na upande ule ilikuwa nuni."

Alikichukua, akakirudisha alipokitoa, akakifukia kwa kisigino, kwa sababu vitu vile ni vya Mambo ya Kale na si vyetu kuondoka navyo. Tukashuka ufukweni. Maji yalikuwa yanajaa na mashua ilikuwa inaondoka kwenda Masoko, abiria sita na mbuzi mmoja. Nilijipapasa mifukoni nikatoa nilichokuwa nacho, noti moja ya elfu kumi, mwekundu wa Msimbazi, ile yenye tembo. Nahodha aliipokea, akaigeuza mara mbili, akatazama abiria wenzangu mmoja mmoja kama kuna anayeweza kuivunja. Hakuna. Akanirudishia.

"Mzee wangu," alisema, "huna hela ndogo?"